Jiwe na Mwenziwe: Hesabu ya Mwanga

Wanafunzi ninaowafundisha isimu, wengi wao wazawa wa Meru na Embu, huniletea insha ambamo kila kitu cha angani kisicho nyota wala sayari huitwa kimondo. Mazoea haya hayafai. Kimondo ni ule mwali unaopita mbinguni kwa sekunde chache ukazimika. Asteroidi ni jabali linalolizunguka jua mwaka nenda mwaka rudi. Baadhi hupita karibu na njia ya dunia yetu, na miongoni mwa yale yenye upana wa zaidi ya mita 300, takriban moja katika kila sita lina mwenziwe anayelizunguka.

Je, hao wawili hujulikanaje, ilhali katika darubini huonekana kama kitone kimoja tu cha mwanga? Wataalamu hupima mng'ao. Jabali lisilo mviringo kamili, likijizungusha, hutuelekezea ubavu mpana, kisha mwembamba. Basi mwanga wake huongezeka na kupungua kwa utaratibu usiobadilika. Lakini mara nyingine mwanga hufifia kidogo nje ya utaratibu huo, kisha hurejea. Baada ya saa kadhaa hufifia tena vivyo hivyo. Hapo mchunguzi hushuku kuwapo kwa mwezi mdogo, ambao mara humfunika mkubwa wake, mara hujificha nyuma yake. Ni kupatwa kule kule tunakofundisha shuleni, ila huku hakuonekani kwa macho: husomwa katika grafu.

Kwa njia hiyo Petr Pravec wa Ucheki na wenzake walimtambua mwenzi wa asteroidi Didymos mnamo Novemba 2003, na rada ya Arecibo, Puerto Rico, ikathibitisha. Didymos, yenye upana wa mita 780 hivi, hujizungusha kwa saa 2 na robo. Mwenziwe, wa mita 160 hivi, aliizunguka kwa saa 11 na dakika 55. Didymos ni neno la Kigiriki lenye maana ya pacha. Hapa nina ubishi wangu wa kitaaluma: pacha kwetu hulingana, na hawa wamefanana zaidi na mama na mtoto wa mgongoni. Mwaka 2020 mdogo alipewa jina Dimorphos, yaani mwenye maumbo mawili, kwa kuwa ilikusudiwa agongwe abadilike.

Akagongwa kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022, saa nane na dakika 14 kwa saa zetu, chombo DART cha Marekani kilimvamia. Vipimo vya mwanga na vya rada vilionyesha kuwa mzunguko wake ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Na miongoni mwa wachache duniani walioinasa dakika ile kwa darubini ndogo za kubebeka alikuwamo mtazamaji wa Nairobi, katika shirika la The Travelling Telescope la Susan Murabana. Wengine walikuwa kisiwani Réunion. Vipimo vyao vilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023.

Kwa hiyo siwaelewi walimu wanaosema elimu hii ni ya mataifa tajiri. Ikweta yapita karibu na mji wa Meru, nasi twaziona mbingu za kaskazini na za kusini pia. Mawingu ya Mlima Kenya ni kero, hasa Julai. Lakini Januari na Februari, huko chini Mbeere, usiku ni mweusi na safi. Hata shule isiyo na darubini yaweza kupata vipimo vilivyowekwa wazi kwa umma, wanafunzi wakachora grafu na kuvitafuta vile vipindi viwili wenyewe.

Mwalimu wa fizikia na wa Kiswahili waifanye kazi hiyo pamoja, kwani istilahi bado zinapwaya. Mimi napendekeza "asteroidi na mwandani". Wenye neno bora zaidi, la Kiswahili au la kuazima kutoka Kimeru na Kiembu, waniandikie kupitia kwa mhariri.