Kura Nyingi, Afya Haba: Demokrasia Baada ya Mwaka 2024

Tarehe 7 Julai 2024, akizungumza na washiriki wa Juma la Kijamii la Wakatoliki wa Italia mjini Trieste, Baba Mtakatifu Francisko alisema wazi kwamba demokrasia duniani haina afya njema. Mwaka huohuo, nchi zaidi ya 60 zenye karibu nusu ya watu wote duniani zilifanya uchaguzi. Kama kura zilikuwa nyingi hivyo, ugonjwa uko wapi?

Tuanze na dalili njema. Nchini India walipiga kura watu wapatao milioni 642. Chama tawala cha BJP kilipata viti 240 kati ya 543, kikalazimika kutegemea vyama rafiki ili kuunda serikali. Afrika Kusini, ANC ilishuka chini ya nusu ya kura kwa mara ya kwanza tangu 1994. Botswana, chama kilichotawala tangu uhuru wa 1966 kilishindwa, na Rais Mokgweetsi Masisi alikubali kushindwa hata kabla hesabu haijakamilika.

Lakini sanduku la kura peke yake halitoshi. Nchini Venezuela, tume ya uchaguzi ilimtangaza Nicolás Maduro kuwa mshindi bila kuchapisha matokeo ya kila kituo. Watu walipiga kura, ila walinyimwa njia ya kuhakiki hesabu. Nchini Mali, uchaguzi wa rais ulioahidiwa kufanyika Februari 2024 haukufanyika. Wanajeshi wakabaki madarakani.

Senegal inatuonyesha tofauti inatoka wapi. Rais Macky Sall alipoahirisha uchaguzi, Baraza la Katiba lilibatilisha uamuzi wake. Kura zikapigwa tarehe 24 Machi, na Bassirou Diomaye Faye, aliyetoka gerezani siku chache tu kabla, akashinda katika duru ya kwanza. Kilichookoa uchaguzi huo ni chombo cha sheria kilichothubutu kumwambia mwenye mamlaka kwamba amekosea, na wananchi waliokataa kunyamaza.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba Kanisa linauthamini mfumo huu kwa sababu unawapa raia nafasi ya kushiriki, kuwawajibisha viongozi na kuwabadilisha kwa amani. Alionya pia kwamba demokrasia isiyo na maadili hugeuka kwa urahisi kuwa udikteta, wa wazi au wa kificho.

Basi, ndugu msomaji, afya ya demokrasia tusiipime siku ya kura tu. Tuulize: Je, hesabu inaonekana? Je, hakimu yuko huru? Je, anayeshindwa anaondoka kwa amani? Na maswali haya yaanzie karibu. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunachagua mwenyekiti na mtunza hazina. Asiyezoea kusomewa mapato na matumizi ya jumuiya yake atapata wapi ujasiri wa kuidai hesabu ya taifa?