Kebo Haiishii Kwenye Konekta

Uzi wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, na sikuuona mpaka nilipoiweka konekta chini ya lenzi. Ulikuwa umechomoka kwenye wavu wa shaba unaoizunguka kebo, ukapinda na kuigusa pini ya katikati. Wati zote tano zilizotoka kwenye amplifaya zilifika pale, zikagonga mwamba na kurudi zilikotoka. Kwa nje konekta iling'aa kama pete ya dhahabu.

Konekta hiyo ni SMA, ile ndogo ambayo nati yake hukazwa kwa spana namba 8. Ilianza kuenea miaka ya 1960, na leo utaikuta kwenye redio za mkononi na vifaa chungu nzima vya maabara. Sisi tunaoendesha redio za ridhaa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuijua vizuri. Tarehe 15 Novemba 2018 ilirushwa Es'hail-2, setilaiti ya Qatar ambayo pamoja na shughuli zake za televisheni ilibeba chombo cha mawasiliano ya ridhaa, QO-100. Imekaa juu ya ikweta, nyuzi 25.9 mashariki. Mwenzetu wa Norwei huielekezea dishi chini, si mbali na upeo wa macho; aliye Dar es Salaam au Nairobi huinua dishi lake zaidi ya nyuzi 70, karibu na utosi. Sauti hupanda kwa GHz 2.4 na kushuka kwa GHz 10.49. Ukizungumza huku ukisikiliza, sauti yako mwenyewe inakurudia baada ya robo sekunde hivi. Nimeisikia mara nyingi, na bado mwili husisimka.

Kati ya amplifaya na antena pana kebo fupi, na hapo ndipo kazi huharibika.

Tumezoea kusema umeme unapita ndani ya waya. Kwa masafa haya usemi huo haututoshi. Wimbi husafiri ndani ya plastiki iliyo kati ya waya wa ndani na wavu wa nje, na mkondo hutambaa kwenye ngozi tu ya metali: katika shaba, kwa GHz 2.4, kina chake ni kama milimita 0.0013. Kinacholiongoza wimbi ni uwiano wa vipenyo viwili, cha waya wa ndani na cha wavu, pamoja na aina ya plastiki iliyo katikati. Uwiano huo ukishikwa sawasawa, kebo hubaki na impidensi yake, omu 50. Aliyewahi kufungulia maji kwenye mifereji ya Kilimanjaro anajua: mfereji ukibanwa ghafla, sehemu ya wimbi la maji hurudi nyuma. Fundi anayefunga konekta anaendeleza mfereji uleule hadi mwisho. Hajaukata na kuuanza mwingine.

Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kuukusanya wavu, kuusokota kuwa mkia mmoja na kuulehemu pembeni. Sentimita moja ya mkia kama huo ina indaktansi ya nanohenri 8 hivi. Kwenye MHz 145 hiyo ni omu 7, na redio haitalalamika. Kwenye GHz 2.4 mkia uleule unakuwa omu 120, zaidi ya mara mbili ya impidensi ya kebo nzima. Aliyejifunza kazi kwenye masafa ya chini hudhani mkono wake umeharibika, kumbe kilichobadilika ni urefu wa wimbi: kutoka mita mbili hadi sentimita 12.5.

Tuje mezani. Kebo ninayoipenda ni RG-316, unene wa milimita 2.5, plastiki yake ya ndani ni tefloni. Kwanza kabisa, kabla ya kukata chochote, pitisha kola ya kubania kwenye kebo. Kila fundi ameisahau hatua hii, akaikumbuka baada ya kulehemu, akaanza upya. Kisha chukua wembe mpya, laza kebo juu ya meza na uiviringishe chini ya makali bila kukandamiza. Nyuzi za katikati ni saba, za chuma kilichovikwa shaba kisha fedha. Ukizichanja, hazikatiki leo, zitakatika siku upepo utakapoitikisa kebo.

Pini huvalishwa juu ya nyuzi hizo mpaka mgongo wake uguse tefloni. Ina kitobo kidogo ubavuni. Pasha pini, gusisha risasi kwenye kitobo, na mara tu inapozama ndani ondoa moto. Tefloni inastahimili, kwani huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, wakati risasi ya kawaida inayeyuka kwenye 183 au zaidi kidogo. Kebo ya RG-174, inayofanana nayo kwa macho, ina plastiki ya polithini ambayo hulegea mapema zaidi, waya ukahama kutoka katikati. Tone la risasi likibaki nje ya pini, likwangue. Tone hilo linanenepesha kipenyo cha ndani, na uwiano umeshavunjika. Baada ya hapo sukuma pini ndani ya konekta, funika shingo yake kwa wavu pande zote, pekua nyuzi zilizotoroka, rudisha kola, bana kwa koleo la pembe sita. Koleo la kawaida hulibonyeza duara na kulifanya yai.

Multimita itakuambia kama pini haijagusana na ganda, na hilo si dogo. Lakini inapima kwa mkondo wa betri, kwa hiyo omu 50 haizioni. NanoVNA ya kufika GHz 3 ndiyo inayoonyesha kinachorudi. Mimi huikunja kebo polepole karibu na shingo huku nikitazama mstari kwenye skrini. Ukirukaruka, konekta hiyo naikata.

Na kuna mtego wa dukani. Niliwahi kununua kebo iliyokwishafungwa, ikaingia vizuri, nati ikakaza, lakini setilaiti haikusikia chochote. Jioni nzima nilitafuta kosa kwenye amplifaya. Kumbe ilikuwa ya ruta, RP-SMA: hesi zilezile, ila pini na tundu vimebadilishana nafasi. Kanuni za Marekani zilitaka vifaa vya namna hiyo viwe na kiungo cha pekee, ili mnunuzi asifunge antena yoyote anayoitaka. Tundu langu lilikutana na tundu, na katikati hapakuwa na kitu. Siku hizi natazama ndani kabla ya kulipa.

Wakati wa kukaza, zungusha nati peke yake. Ukiizungusha konekta nzima, pini inasaga tundu kama keekee. Kwa SMA za kawaida nguvu inayotakiwa ni kama nyutoni-mita 0.56: shika spana ya sentimita 10, uning'inize nusu kilo na ushee mwishoni, imetosha.

Kwa sisi wa pwani imebaki chumvi. SMA haizuii maji, na wavu hunyonya unyevu kama utambi wa kibatari, ukapanda ndani ya kebo na kuigeuza shaba kuwa ya kijani. Kwa hiyo ikishakazwa naivuta tepu ya mpira ule unaogandana wenyewe mpaka iwe nyembamba, naizungusha kuanzia kwenye kebo kwenda juu, kila mzunguko ukipanda juu ya uliotangulia kama makuti ya paa, ili maji ya mvua yateleze na kudondoka chini.