Ng'ambo ya Songwe: Ugeni wa mtu anayeijua lugha ya wenyeji

MTU anayevuka daraja la Mto Songwe pale Kasumulu, wilayani Kyela, na kuingia Malawi kwa mara ya kwanza, hushangazwa na jambo moja: hakuna kilichobadilika. Migomba ni ileile, majaruba ya mpunga ni yaleyale, na akimsalimu mzee wa upande wa pili kwa Kinyakyusa ataitikiwa pasipo mkalimani.

Mshangao wa pili huja baadaye, nao ni mzito zaidi. Huja pale mtu huyo anapoamua kukaa. Akipanga chumba mjini Karonga, akifungua kibanda cha biashara, akioa au akiolewa huko, ndipo anapotambua kuwa yeye ni mgeni, tena mgeni wa aina ya pekee. Mhindi au Mchina akikosea, husamehewa kwa kuwa ni mgeni. Mnyakyusa hasamehewi, kwa sababu kila amtazamaye humdhani ni wa palepale.

Ili kuuelewa ugeni huu hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Wanyakyusa wa Kyela na Rungwe na Wangonde wa Karonga ni watu wa asili moja. Lugha zao zinakaribiana kiasi kwamba wataalamu wengi huzihesabu kuwa lugha moja yenye lahaja. Mapokeo ya pande zote mbili husimulia juu ya mababu walioshuka kutoka milima ya Ukinga, upande wa mashariki wa ziwa. Wengine wakawa chini ya Lwembe, ambaye mahali pake patakatifu ni Lubaga, na wengine wakavuka kwenda kusini na kuwa chini ya Kyungu. Hadi leo Kyungu ndiye chifu mkuu wa Wangonde.

Hata majina yanasema hivyo. Mwanamume wa Kyela huitwa Mwakyusa, Mwaipopo au Mwakyembe. Wa Karonga huitwa Mwakasungula, Mwangonde au Mwenifumbo. Mgeni wa mbali hawezi kuyatenganisha majina hayo, na wakati mwingine hata ofisa wa mpakani huhitaji kuuliza swali la pili na la tatu.

Mpaka ulikuja Julai 1, 1890, pale Uingereza na Ujerumani zilipotia saini mjini Berlin mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika. Mto Songwe, wenye urefu wa takriban kilomita 200, ukafanywa kuwa mstari. Lwembe hakuulizwa, wala Kyungu hakuulizwa.

Tatizo ni kwamba mstari wenyewe hautulii. Bonde la Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Songwe ikifurika katika nyanda za chini huacha njia yake ya zamani na kuchimba nyingine. Shamba lililokuwa Tanzania mwezi wa Februari huweza kuonekana ng'ambo ya maji mwezi wa Mei. Ndiyo maana mpango wa pamoja wa nchi hizi mbili wa kuendeleza bonde la mto huo unagusa pia suala la kuzidhibiti kingo zake, mbali na umeme na umwagiliaji.

Tuache historia, tutazame siku ya kawaida ya mtu wa Kyela aliyehamia Karonga.

Siku huanza na saa. Tanzania iko saa moja mbele ya Malawi. Hilo peke yake lingekuwa dogo, lakini juu yake kuna namna ya kuhesabu. Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo. Mmalawi huhesabu kama Waingereza, na kwa Kichewa husema "koloko". Kwa hiyo saa moja asubuhi ya Kyela ni saa sita, yaani "sikisi koloko", ya Karonga. Fundi akiahidi kufika "seveni koloko", huyo atafika saa mbili asubuhi kwa saa ya Kyela. Mgeni aliyesikia neno "saba" na kuliweka akilini kwa Kiswahili, atamngoja mpaka adhuhuri huku akimlaumu bure.

Simu nazo haziwi msaada mkubwa karibu na mto. Mtu akiwa amesimama mahali pamoja, simu yake huweza kukamata mawimbi ya mnara wa ng'ambo, na saa ikajirudisha nyuma yenyewe.

Kisha kuna jina la ziwa. Kyela ni Ziwa Nyasa. Karonga ni Ziwa Malawi, na anayesema "Nyasa" mbele ya wenyeji hujitambulisha kuwa ametoka wapi kabla hajaulizwa. Hilo si suala la matamshi tu. Lilongwe inadai, kwa kuutegemea mkataba uleule wa 1890, kwamba eneo lote la maji la kaskazini ni lake mpaka ufukwe wa Tanzania. Dar es Salaam na Dodoma husema mpaka hupita katikati ya maji. Mgogoro huo uliwahi kuzuka katika miaka ya 1960, wakati wa Mwalimu Nyerere na Dk. Kamuzu Banda, ukapamba moto tena mwaka 2012, na usuluhishi ukakabidhiwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mnyakyusa aliye Karonga hujifunza mapema kutokulijadili jambo hilo kilabuni.

Samaki, kwa bahati nzuri, hawana mgogoro. Mbasa wa Kyela ni mpasa wa Karonga. Dagaa ni usipa. Na hapa niseme jambo ambalo huwachekesha watu wa Kyela, wanaojivunia mchele wao kuliko kitu kingine: mchele unaosifiwa zaidi nchini Malawi, na unaolimwa Karonga, huitwa "Kilombero", jina la bonde la Morogoro. Mtu ametoka kwenye sifa ya mchele wa Kyela, amevuka mto, na kukuta sifa imepewa Watanzania wengine.

Chakula chenyewe hakimsumbui. Ugali huitwa nsima, na ndizi zipo. Usafiri nao anaujua: baiskeli za kubeba abiria zilizojaa Kyela ziko Karonga pia, nazo huitwa kabaza.

Lugha ndiyo inayomdanganya. Kwa miezi ya kwanza Kinyakyusa kinamtosha sokoni na kanisani, na Kiswahili nacho husikika sana Karonga. Lakini hospitalini, polisi, benki na katika mikutano ya serikali hukutana na Kichewa, kilichofanywa lugha ya taifa mwaka 1968, na Kiingereza. Aidha sehemu kubwa ya kaskazini mwa Malawi husema Kitumbuka. Mtu aliyejiona mwenyeji kwa sababu ya lugha ya nyumbani anakuta nchi yenyewe inaendeshwa kwa lugha nyingine. Uamuzi wa SADC wa mwaka 2019 wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne ni wa heshima, ila bado haujamsaidia mtu anayejaza fomu Karonga.

Kwa mtoto wa shule pigo ni kubwa zaidi. Amezoea mwaka wa masomo unaoanza Januari. Huko huanza Septemba. Amezoea kufundishwa kwa Kiswahili. Huko hakimo darasani. Elimu ya msingi ya Malawi ni ya miaka minane, na mtoto aliyefika darasa la sita Ipinda huweza kurudishwa madarasa mawili nyuma ili ajifunze lugha. Wazazi wengi huamua kumwacha kwa bibi yake Kyela, na familia ikagawanyika kwa sababu ya kalenda na vitabu.

Fedha nayo ina somo lake. Kwacha, sarafu ya Malawi tangu mwaka 1971, imepita katika misukosuko mikali. Mei 2012 ilishushwa thamani kwa karibu nusu. Mei 2022 ikashushwa kwa asilimia 25. Novemba 2023 ikashushwa tena kwa asilimia 44, kutoka takriban kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja ya Marekani. Mfanyabiashara wa Kyela aliyelala na akiba yake katika kwacha aliamka akiwa na noti zilezile, lakini mchele na mafuta aliyokuwa akiyafuata Tanzania hayakununulika tena kwa hesabu ya jana. Ndiyo maana Watanzania wazoefu wa Karonga huwa hawalazi kwacha. Huigeuza kuwa bidhaa au shilingi siku hiyohiyo.

Hali ya mtu wa namna hii si ya Songwe peke yake. Waingereza walioko Australia ni mfano wa mbali unaofanana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Australia iliwaita kwa nauli ya pauni 10 tu, na hawakuhesabiwa kuwa wageni: lugha moja, taji moja. Miaka ilivyopita mlango ukaanza kufungwa taratibu. Tangu mwaka 1975 Mwingereza alihitaji viza, na tangu mwaka 1984 yule ambaye hakuwa tayari katika daftari la wapiga kura alilazimika kuchukua uraia kwanza ndipo apige kura. Wengi walishangaa kugundua kwamba wamekuwa wageni bila kusogea walipokaa.

Tofauti ni kwamba Mwingereza alisafiri nusu ya dunia. Mtu wa Kyela alivuka daraja tu.

Na daraja hilo lina sheria. Mtanzania haitaji viza kuingia Malawi kwa matembezi, na akiwa hana pasi, hati ya dharura ya kusafiria humtosha kwa safari ya nchi jirani. Lakini kukaa na kufanya kazi ni jambo jingine. Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo ule unafuu aupatao Mtanzania akienda Kenya haupo. Tangu mwaka 2012 sheria ya leseni za biashara ya Malawi imewabana wafanyabiashara wa kigeni wasifanye shughuli zao nje ya miji mikubwa, na Karonga si mojawapo ya miji hiyo.

Tanzania nayo haikubaki nyuma. Julai 2025 serikali ilitangaza amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na ununuzi wa mazao shambani. Amri hiyo ilisemwa sana kuhusu Kariakoo. Wachache walikumbuka kwamba katika Kyela asiye raia anayenunua mpunga shambani huenda ni shemeji wa mwenye shamba.

Miezi michache kabla ya hapo, Aprili 2025, Tanzania ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, ikijibu vizuizi vya nchi hizo, kabla ya mazungumzo kuiondoa marufuku hiyo. Ilidumu siku chache. Ndizi haisubiri hata siku hizo chache.

Hata hivyo, linalowakera zaidi watu wa mtoni ni uraia wa watoto. Chukua mfano wa binti wa Kajunjumele aliyeolewa Karonga. Mtoto wake akizaliwa huko, ni Mmalawi kwa baba na ni Mtanzania kwa mama, kwa kuwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamtambua mtoto wa mama Mtanzania aliyezaliwa nje. Lakini Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Mtoto huyo akitimiza miaka 18 hana budi kuukana uraia wa Malawi, la sivyo wa Tanzania humtoka. Malawi yenyewe imekwisha kuruhusu uraia pacha, kwa hiyo huko hakuna anayemshtua. Wengi hupitisha umri huo bila kujua kuwa walitakiwa kuchagua, na hujua siku wanapoomba kitambulisho cha taifa au kudai shamba la babu.

Sheria hiyo ina upande mwingine ambao, kwa maoni ya mwandishi, ni wa kuonea. Mwanamke wa Karonga aliyeolewa Kyela anaweza kuomba uraia kwa ndoa yake. Mwanamume wa Karonga aliyemwoa binti wa Kyela hana njia hiyo. Atabaki mwenye kibali, au asiye nacho, katika kijiji ambamo wanawe ni raia, na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji.

Ndipo watu wanapozirudia njia za panya. Kando ya Songwe zipo nyingi, na mitumbwi yake haiulizi hati. Si wote wapitao humo ni wafanya magendo ya sukari na mafuta, ingawa hao wapo. Wengine wanakwenda msibani.

Msiba kwa Wanyakyusa si jambo la kutuma salamu. Ndugu asiyefika huulizwa, na swali hilo hudumu miaka. Habari ya kifo ikifika Karonga usiku, kwamba mazishi ni kesho saa nane mchana huko Kyela, mtu huanza kufanya hesabu: hati yake imekwisha muda, nauli anayo katika kwacha, na saa nane ya Kyela kwa saa ya ukutani mwake ni "wani koloko". Akiondoka kwa kuifuata saa ya ukutani bila kukumbuka tofauti, atawakuta wenzake wanarudi kutoka makaburini.