Kontena la Malaba na kompyuta za kwanta

Kontena linalotoka Kilindini kwenda Malaba au Busia huwa na nambari ubavuni: herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya pekee. Hiyo ya mwisho ndiyo mlinzi. Chukua CSQU 305438 3. Karani akiandika 305483 kwa haraka, hesabu inatoa 0 badala ya 3, na kosa linanaswa. Linanaswa tu, ili lirekebishwe, lazima mtu arudi kwenye lori akasome upya.

Kompyuta ya kwanta haina nafasi ya kurudi. Vipande vyake vya kuhifadhi habari, viitwavyo kubiti, huharibiwa hata na joto dogo, na ukivisoma moja kwa moja unavivuruga. Mwaka 1995 Peter Shor alionyesha njia: habari ya kubiti moja itandazwe katika kubiti tisa, halafu isiulizwe kila moja ina nini, bali kama inalingana na jirani yake. Jibu hufichua kosa lilipo, na habari yenyewe haiguswi. Kwangu, ujanja wote uko hapo.

Tatizo ni gharama. Msimbo uliozoeleka, wa uso, waweza kula mamia ya kubiti ili kulinda moja. Mwaka 2024 watafiti wa IBM walichapisha katika jarida la Nature msimbo ambao, kwa hesabu zao, hutumia kubiti 288 kulinda 12. Ule wa uso ungetaka karibu 3,000. Ila kila kubiti sharti iungwe na sita nyingine badala ya nne, baadhi zikiwa mbali, na kuunda viungo hivyo si kazi nyepesi.