AKIBA YA MSIMU: Riba kubwa ya tangazo si lazima iwe faida kubwa mfukoni

Malipo ya kahawa yanapoingia kwenye akaunti za wakulima wa Mbinga katika nusu ya pili ya mwaka, swali linaloulizwa kuanzia mjini Mbinga hadi kata ya Matiri huwa moja: fedha hizi ziwekwe wapi ili zizae? Mwenye duka, mnunuzi wa mahindi na mchuuzi wa dagaa wa Mbamba Bay nao huuliza hivyo hivyo, ingawa fedha zao huingia kwa mtindo tofauti.

Kwa mujibu wa taarifa za kila mwezi za Benki Kuu ya Tanzania, katika miaka ya karibuni riba ya akaunti ya kawaida ya akiba imekuwa karibu asilimia 2 hadi 3 kwa mwaka. Amana za muda maalumu zimekuwa karibu asilimia 7 hadi 9, na wenye fedha nyingi wanaoweza kujadiliana na benki hupata zaidi ya hapo. Huo ni wastani wa soko. Kila benki ina viwango vyake na masharti yake, na ndani ya masharti hayo ndimo faida inapopatikana au kupotea.

Makato kwanza, riba baadaye

Tuchukue mfano wa shilingi 600,000 zilizowekwa kwa mwaka mzima. Akaunti ya kwanza inatoa riba ya asilimia 3, lakini inakata shilingi 1,500 kila mwezi kwa ajili ya uendeshaji. Riba ya mwaka ni shilingi 18,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inaondoa 1,800, zinabaki 16,200. Makato ya miezi 12 ni 18,000. Mwenye akiba anamaliza mwaka akiwa amepungukiwa shilingi 1,800.

Akaunti ya pili inatoa asilimia 2 tu, lakini haina makato ya mwezi. Riba ni shilingi 12,000, kodi 1,200, na mteja anabaki na 10,800. Yenye riba ndogo imeishinda yenye riba kubwa.

Aidha, zipo akaunti ambazo hazilipi riba mpaka salio lifikie kiwango fulani, na nyingine hupiga hesabu kwa kutumia salio dogo kabisa la mwezi. Kwa mtindo huo, anayetoa fedha tarehe 28 na kuzirudisha tarehe 2 anaweza kupoteza riba ya miezi miwili kwa haja ya siku nne.

Asilimia 8 mbili zisizolingana

Jambo linalowachanganya wengi ni akaunti ya kuweka kidogo kidogo kila mwezi. Riba yake hutangazwa kuwa karibu sawa na ya amana ya muda maalumu, lakini shilingi zinazoingia mkononi hazilingani.

Anayeweka shilingi 50,000 kila mwezi kwa riba ya asilimia 8 atakuwa ameweka 600,000 baada ya mwaka. Riba yake haitakuwa 48,000. Shilingi za mwezi wa kwanza zimekaa miezi 12, lakini za mwezi wa mwisho zimekaa mmoja tu. Riba halisi ni shilingi 26,000, na baada ya kodi ni 23,400. Aliyeweka 600,000 zote siku ya kwanza kwa asilimia 8 hiyo hiyo anapata 48,000, na baada ya kodi 43,200.

Benki haijamdanganya mtu hapo. Fedha huzaa kwa siku zilizokaa. Hivyo basi, hesabu ya mkulima si hesabu ya mwenye duka. Mwenye duka wa Matiri anayepata kidogo kila juma anafaidika na akaunti ya kuweka kila mwezi, kwa sababu fedha hiyo ingebaki kwenye droo bila kuzaa kitu. Mkulima aliyelipwa kwa mkupuo mmoja hana sababu ya kuzigawa fedha zake kwa miezi 12. Hata akiziacha katika akaunti ya kawaida yenye asilimia 3 na kuhamisha 50,000 kila mwezi kwenda kwenye ile ya asilimia 8, jumla ya riba kabla ya kodi itakuwa shilingi 34,250. Bado hajafikia zile 48,000.

Mfumuko wa bei nao una fungu lake. Bei zikipanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, shilingi 600,000 zinahitaji kuongezeka kwa 18,000 ili zinunue kile kile zilichonunua mwaka uliotangulia. Akaunti ya asilimia 2 haifiki hapo. Hiyo ni akaunti ya kutunzia fedha ya matumizi. Haifai kuitwa kitega uchumi.

Usalama wa amana: somo la Mei 2017

Hakuna wilaya inayolijua vizuri zaidi jambo hili kuliko Mbinga yenyewe. Tarehe 12 Mei 2017 Benki Kuu iliifutia leseni Mbinga Community Bank kutokana na upungufu mkubwa wa mtaji na ukwasi, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Wakati huo kinga ya bima ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mteja mmoja. Mwenye amana ndani ya kikomo hicho alikuwa na haki ya kulipwa na bima. Aliyeweka zaidi ilimbidi kutegemea kitakachopatikana katika ufilisi. Januari 2018 benki nyingine tano nchini zilifutiwa leseni, na kati yake zilikuwamo benki za wananchi za Njombe na Meru.

Baadaye kikomo cha bima kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Kikomo hicho ni kwa mteja mmoja katika benki moja, akaunti zake zote zikijumlishwa. Kufungua akaunti tatu katika benki hiyo hiyo hakuongezi kinga. Mwenye shilingi milioni 12 anafanya busara kuzigawa katika benki mbili, hata kama moja inatoa riba pungufu kidogo.

Ikumbukwe pia kwamba bima hii inahusu amana za benki na taasisi za fedha zenye leseni ya Benki Kuu. Akiba ya SACCOS haimo. Chama imara chaweza kumpa mwanachama gawio zuri na mkopo wa masharti nafuu, lakini anayeweka humo hana budi kuwajua viongozi wake na kuzisoma hesabu zilizokaguliwa.

Fedha inapofungwa wakati wa shida

Hesabu inayouma kuliko zote huja kati ya Januari na Aprili. Ada za shule zimefika, mbolea inahitajika, na kahawa bado iko mtini. Mkulima ambaye fedha zake zimekwisha, au zimefungwa benki, huingia kwenye magoma, yaani kuuza kahawa kabla ya mavuno kwa bei ya kutupa.

Tuseme bei ya msimu itakuwa shilingi 5,000 kwa kilo, na mnunuzi wa magoma anatoa 3,000. Anayehitaji 300,000 atalazimika kuahidi kilo 100, ambazo msimu ukifika zingemletea 500,000. Amepoteza 200,000. Hakuna riba ya benki inayoweza kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo aliyepokea shilingi 1,200,000 mwezi Julai asizifunge zote kwa mwaka kwa sababu tu riba ni asilimia 8. Akifanya hivyo atapata 86,400 baada ya kodi, lakini Februari hatakuwa na kitu, na akiivunja amana kabla ya wakati huenda akapoteza riba yote au sehemu yake. Mgawanyo wa tahadhari unaweza kuwa hivi:

- Shilingi 300,000 katika akaunti ya kawaida isiyo na makato ya mwezi, kwa matumizi na dharura.
- Shilingi 400,000 katika amana ya miezi sita inayoiva Januari. Kwa asilimia 7 zitazaa 12,600 baada ya kodi.
- Shilingi 500,000 katika amana ya mwaka mmoja. Kwa asilimia 8 zitazaa 36,000 baada ya kodi.

Jumla ya riba ya mafungu mawili ya mwisho ni shilingi 48,600. Mkulima ameacha 37,800 ambazo angezipata kwa kufunga kila kitu. Hiyo ndiyo gharama ya kukaa mbali na magoma, na ni chini ya moja ya tano ya hasara iliyoonyeshwa hapo juu.

Ya kuuliza kabla ya kutia saini

Makato ya mwezi, ya kutoa fedha na ya wakala ni kiasi gani? Riba huanza kwenye salio la shilingi ngapi, na hulipwa kila baada ya muda gani? Nikivunja amana kabla ya wakati, nitapoteza nini? Muda ukiisha, fedha zitarudi kwenye akaunti yangu au zitafungwa tena bila kuulizwa? Kwa anayepanda gari kwenda benki, nauli ya Matiri hadi Mbinga na kurudi nayo iingizwe kwenye hesabu. Majibu yote yaandikwe kwa shilingi za mwaka mzima, kisha akaunti zilinganishwe kwa kile kitakachobaki mkononi.