Sukari Inavyotia Ukungu Lenzi ya Jicho

Anayekaanga kahawa huko Izigo, wilayani Muleba, huiona buni ikigeuka kahawia kwa dakika chache. Sehemu ya mabadiliko hayo hutokana na sukari kushikamana na protini kwa nguvu ya joto, tendo la kikemia alilolieleza Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Tendo la jamii hiyohiyo hutokea ndani ya jicho, bila moto, kwa miaka mingi.

Lenzi haina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji yanayoizunguka, na glukosi iliyomo huingia pasipo kuhitaji insulini. Sukari ikizidi katika damu, lenzi nayo huzidiwa. Humo glukosi hujibandika kwenye protini ziitwazo kristalini, ambazo mpangilio wake ndio unaoipa lenzi uangavu. Zikiharibika hugandamana na kugeuka manjano, kisha kahawia, na mwanga hutawanyika badala ya kupenya. Huo ndio mtoto wa jicho, jina la upole kwa maradhi yasiyo na upole.

Himoglobini nayo hushikwa na sukari vivyo hivyo. Ndiyo tuipimayo kujua wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Lakini chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kisha huja nyingine. Protini za kiini cha lenzi ziliumbwa tumboni mwa mama na hazibadilishwi hadi kaburini.

Kwa hiyo mtu wa miaka 45 anayeona ukungu asiambiwe tu kwamba ni uzee. Kwa walio chini ya miaka 65, kisukari huongeza uwezekano wa mtoto wa jicho mara tatu hadi nne. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake waliripoti kwamba katika vijiji sita vya Tanzania wenye kisukari hawakufika hata mmoja kwa kila watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 kwa 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo vilitofautiana, lakini pengo ni kubwa mno.

Hakuna matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho. Upasuaji huiondoa lenzi na kuweka ya bandia, ambayo sukari haiidhuru. Retina iliyo nyuma yake, pamoja na figo, huendelea kudhurika. Mgonjwa aliyesafiri kutoka Izigo kwenda kupasuliwa na apimwe sukari siku hiyohiyo, hata kama hakuna aliyemtajia kisukari. Akigundulika anacho, retina yake ichunguzwe kila mwaka.