WANAFUNZI WA ZAMANI HUFUATA NINI SHULENI?



Wengi mliniuliza wale akina mama waliojaa bwaloni Jumamosi ile walifuata nini. Mimi nilikuwa katika kundi la kuwaandalia chai, kwa hivyo mengi niliyasikia. Wao ni wanafunzi wa zamani wa shule hii, walioingia kidato cha kwanza mwaka 1981. Hukutana wakahudhuria misa, wakala, kisha wakachanga pesa za karo kwa msichana mwenye shida. Lakini kazi kubwa ni kukumbushana.

Kilichowachekesha sana ni diski. Wana Kiswahili wenzangu, hapa tegeni sikio! Hayati Profesa Wangari Maathai alieleza katika kitabu chake Unbowed kwamba alipokuwa bwenini Mathari, Nyeri, kwa masista wa Consolata, msichana aliyenaswa akiongea lugha ya mama alivishwa kifungo cha aibu. Alikaa nacho mpaka amnase mwenzake. Hiyo ilikuwa kabla hajaenda Loreto Limuru mwaka 1956. Basi akina mama wetu nao walikuta mchezo ule ule miaka ishirini na zaidi baadaye, na Kiswahili pia kilihesabiwa kosa, isipokuwa katika kipindi chake. Ajabu, sivyo?

Mmoja wao anatoka kwetu Gotu, kule Isiolo, kando ya mto Ewaso Ng'iro. Yeye hakucheka sana. Alikuja akijua Kiborana, na Kiswahili cha kuokoteza sokoni. "Muhula wa kwanza niliongea na Mungu tu," aliniambia, "usiku, kwa Kiborana, maana huko hakuna kiranja." Na alikuwa Mwislamu katika shule ya masista! Wakati wa misa alikaa kiti cha nyuma. Ramadhani ilipoingia, sista wa jikoni alimwekea chakula cha daku kwenye sufuria yenye kifuniko. Hajamsahau sista yule hata leo.

Kwetu karo ilikuwa ni mifugo. Baba aliuza mbuzi au ng'ombe, msichana akapanda lori. Ukame wa 1984 ulipoua mifugo, karo nayo ilikufa. Kutoka Gotu walikuwa wawili darasani. Mmoja alisaidiwa na mjomba mwenye mshahara mjini, akamaliza kidato cha nne. Mwenzake alirudi nyumbani kwa likizo, hakuonekana tena. Kwa maoni yangu, mchango ule wa karo unatokana na jambo hili kuliko kumbukumbu zote za uji na kengele ya alfajiri.

Baada ya chakula waliita majina kwa mpangilio wa zamani. Aliye hai huitika "Nipo!" Aliyefariki, wote husema "Mungu amrehemu." Lilipoitwa jina la yule aliyeacha shule, bwalo lilinyamaza, hawakujua waseme lipi. Ndipo mama wa Gotu akasimama: "Yupo. Ana mbuzi, ana wajukuu, na bado anajua hesabu kunishinda."

Huyo ni shangazi yangu. Nimekabidhiwa picha ya darasa ya mwaka 1983 nimpelekee likizo ikifika. Amesimama mstari wa pili, soksi moja imeshuka.